Kuweka gari frii mteremkoni hakuokoi mafuta

Juzi, kwenye kituo cha kutazamia mandhari katikati ya mteremko wa mlimani unaoelekea lango la hifadhi, nilimkuta dereva amesimama kando ya gari lake huku magurudumu ya mbele yakifuka moshi. Alikuwa ameshuka akiwa ameweka gari frii, yaani bila gia yoyote, ili aokoe mafuta. Ninafundisha udereva wa milimani, na hakuna imani inayonichosha kama hii, kwa sababu ni ya uongo na inaweza kuua.

Injini ya kisasa, ambayo nozeli zake za kunyunyizia mafuta zinaongozwa na kompyuta, hukata mafuta unapoondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta gari likiwa kwenye gia, mradi mzunguko wa injini haujashuka sana, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka frii, unaitenga na magurudumu, na ili isizimike inalazimika kuchoma mafuta ya kuiweka kwenye sailensa, yaani kuunguruma polepole bila kukanyagiwa mafuta. Kwa magari ya zamani ya kabureta, yasiyo na kompyuta ya kukata mafuta, hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Kwa haya ya leo haina.

Lakini mafuta ni jambo dogo. Gari la kilo 2,000 likishuka kimo cha mita 600 linaachia nishati ya takriban megajuli 12, ambayo ingetosha kuchemsha lita 35 za maji. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, na nyingine ingechukuliwa na injini kama ungekuwa kwenye gia. Ukiwa frii, mzigo unaobaki wote huangukia diski na pedi za breki. Mafuta ya breki aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu taratibu, na yakishaunyonya kiwango chake cha kuchemka kinaweza kushuka hadi karibu na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: unakanyaga pedeli, inazama kama sifongo hadi sakafuni, na gari linaendelea kwenda.

Basi ushuke kwa gia gani? Wazee wa kazi walituambia tushuke kwa gia ile ile tuliyopandia, na kwa muda mrefu nilifundisha hivyo bila kusita. Siku hizi nasita. Injini ndogo yenye tabo, kifaa cha kuisukumia hewa ili iongeze nguvu, hupanda kilima kwa gia ya nne bila kulalamika, lakini kwa gia hiyo hiyo haina uwezo wa kulizuia gari kushuka. Kipimo ninachokiamini ni mguu: kama unakanyaga breki baada ya kila sekunde chache hata mahali pasipo na kona, teremsha gia moja, na kwa mteremko unaoujua, iteremshe kabla haujaanza. Otomatiki nazo zina L, 2 au alama ya kutoa (−) za kuchagua gia ya chini, zitumieni. Gari la umeme hujizuia kwa kuchaji betri, lakini betri iliyojaa haina pa kupokea, kwa hiyo msilichaji hadi juu kabisa kabla ya kushuka.

Yule dereva alikuwa ameshika chupa ya maji, tayari kuimwagia diski. Nilimzuia, kwa kuwa diski yenye moto ikipata maji ghafla inaweza kupinda au kupasuka. Tuliweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, tukasubiri mpaka harufu ya kuungua ikaisha, kisha akashuka kwa gia ya pili huku mimi nikimfuata nyuma, na taa zake za breki ziliwaka kwenye kona tu.