Kabla Mdoli Hajapata Nyumba Mpya

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya watoto, na kila baada ya muda hunifikia mswada wenye msuko uleule: mtoto anakuta midoli iliyosahauliwa na wenyewe, anaikusanya, anaishona palipochanika, kisha anaitafutia watoto wengine wa kuipenda. Msuko huu unawafaa sana wasomaji wa miaka 7 hadi 10, kwa kuwa mtoto, ambaye siku zote ndiye anayetunzwa na kuamuliwa mambo, safari hii ndiye anayetunza na kuamua. Hata hivyo, mingi ya miswada hiyo hukwama, na hukwama mahali pamoja. Mwandishi hukimbilia nyumba mpya hata akasahau kwamba huenda kuna mtu anayeulilia mdoli huo.

Tatizo huanza kujitokeza kwenye sarufi, maana Kiswahili humdai mwandishi uamuzi mapema. Akiandika "mdoli umeanguka chini ya benchi", ametuonyesha kitu. Akiandika "mdoli ameanguka", ametuonyesha mhusika. (Anayetumia neno "mwanasesere" hulikwepa swali hili, kwa sababu neno hilo tangu hapo huchukua upatanisho wa viumbe hai, na kwa maoni yangu hujinyima chombo kizuri.) Mwandishi asiyeamua huzichanganya njia hizo mbili katika ukurasa mmoja, na mtoto anayesoma huhisi kuna kasoro hata kama hawezi kuieleza.

Katika mswada mmoja niliouhariri, msimulizi alishikilia "umelowa" na "umechanika" kwa sura tatu nzima. Kisha msichana anatunga uzi wa kijani kwenye sindano ili aurudishie mdoli sikio, anasita, anauliza kwa sauti ndogo: "Nikikuchoma, utaumia?" Sentensi iliyofuata ilikuwa na maneno mawili tu: "Mdoli hakujibu." Si "haukujibu". Kwa kuondoa herufi moja mwandishi alikuwa ameugeuza mdoli kuwa mhusika, bila kuupa kinywa cha kusema wala miguu ya kutembea usiku.

Lakini mswada huohuo ulikuwa na kosa ambalo nimelikuta katika mingine mingi, nalo ni sura ya kufua. Waandishi huipenda: maji ya povu, jua, kamba ya nguo, mdoli unaorudi kung'aa. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyebobea pia katika saikolojia changanuzi, alichapisha mwaka 1953 makala mashuhuri kuhusu kile kitambaa au mdoli ambao mtoto mdogo hakubali kuachana nao. Alibainisha kwamba mama huuacha uchafuke na hata unuke, kwa kuwa anajua kuufua ni kumkatia mtoto mwendelezo wa kitu anachokitambua. Kwa hiyo mhusika anayefua mdoli aliouokota anafuta alama za mwenyewe, na akifanya hivyo katika sura ya pili, kabla hajauliza ni wa nani, wema wake unaanza kufanana na unyang'anyi mdogo.

Winnicott alieleza pia kwamba kwa kawaida kitu hicho mwishowe hakisahauliwi wala hakiombolezwi. Hupoteza maana polepole, basi. Hapo ndipo mwandishi anapopata njia ya kutokea, kwa sababu mdoli uliodondoka jana na mdoli ambao mwenyewe ameshakua haidai mwisho mmoja. Wa kwanza unapaswa kurudishwa, hata kama jambo hilo litamvunja moyo mhusika wetu. Wa pili unaweza kupewa mtu mwingine, ila aliyekuwa nao ndiye auachilie.

Nilimwomba mwandishi asogeze ufuaji mbele kwa sura nne, na katikati aweke tangazo na siku za kusubiri, mdoli ukiwa bado na harufu ya nyumba ya wengine huku mama akinung'unika kila anapopita. Hakufurahi, alisema ninapunguza uchangamfu wa kitabu. Baada ya majuma kadhaa alirudi na sura mpya. Kijana mrefu anakuja kwa ajili ya lile tangazo, sauti imeshaanza kukwaruza, anaona haya kwa kuwa amekuja kuulizia mdoli. Anaushika, anaunusa haraka akidhani hakuna anayemwona, anapitisha kidole kwenye uzi wa kijani. Kisha anamrudishia msichana na kuelekea mlangoni, na akiwa tayari ameshika kitasa anageuka.

"Hapendi kulala upande wa ukutani," anasema.