Taa za Vesak hazisubiri giza

Kila Mei ikikaribia, swali ni lile lile: "Naenda Colombo, Sri Lanka, kwenye Vesak, ninunue lenzi gani ya kupigia gizani?" Hakuna. Ukisubiri giza umeshachelewa. Anga ikishakuwa nyeusi tii, taa ya karatasi ya sikukuu hii ya Kibudha inakuwa kali mno kuliko kila kinachoizunguka, na kamera ya bei yoyote italazimika kuchagua: ama taa ibaki doa jeupe, ama watu na miti vipotee kabisa.

Siku yenyewe kwanza, maana hapo nako watu hupotea. Vesak ni sikukuu ya mwezi mpevu, Wabudha wakiadhimisha kuzaliwa kwa Budha, kupata kwake mwangaza na kufariki kwake. Kalenda za nchi hazifanani. Mwaka 2023 Sri Lanka waliadhimisha Mei 5, Thailand wakasubiri hadi Juni 3. Kwa hiyo usikate tiketi kwa kuangalia tarehe ya nchi nyingine.

Sasa taa. Colombo haiko mbali na ikweta, hivyo muda kati ya magharibi na giza ni mfupi kama wetu wa pwani. Mwezi Mei jua huzama kama saa 12:25 jioni, na ikifika 12:45 buluu ya anga inaanza kukuponyoka. Una dakika 20, na nusu ya kwanza haifai sana kwa sababu taa bado zinaonekana zimepauka. Fika saa 11, chagua taa yako, simama.

Jambo ambalo watu hawataki kulielewa ni hili: mwanga wa taa haubadiliki, kinachobadilika ni anga. Weka kamera kwenye manual, yaani mipangilio uipange mwenyewe, na upime mwanga wa karatasi ya taa, si wa balbu iliyo ndani. Anza na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 800, uwazi wa lenzi f/2.8, shata 1/60 ya sekunde, kisha rekebisha mpaka mikunjo ya karatasi ionekane. Halafu uache hivyo hivyo! Usizungushe kitu kila dakika. Mwanga wa anga utashuka wenyewe, na ukibaki chini ya ule wa taa kwa stopu moja hivi (yaani nusu yake), piga mfululizo. Anayetumia auto anafanya kinyume: kadiri kunavyoingia giza, kamera inaongeza mwanga na kuziunguza taa zile zile alizozifuata.

Taa nyekundu zina ukorofi wake. Histogramu ya jumla, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, itakwambia mambo shwari, kumbe rangi nyekundu peke yake imeshajaa na karatasi imekuwa bapa, haina mshono wala mkunjo. Fungua histogramu ya rangi tatu, na ukiona nyekundu imegonga ukuta wa kulia punguza thuluthi mbili za stopu, ukihitaji punguza stopu nzima. Atapattama, ile taa ya asili yenye fremu ya mianzi, uzuri wake uko kwenye karatasi nyepesi na pindo zake. Ukizipoteza, umepiga balbu.

White balance, yaani kipimo cha rangi ya mwanga kwa Kelvin (K)? Auto hufuta joto la taa, 3200K huifanya karatasi nyeupe kama ya ofisini. Mimi huweka karibu 4000K na bado sina uhakika kama hayo ni macho yangu au ni mazoea tu. Piga RAW, faili ghafi unayoweza kuibadilisha rangi baadaye, ubishane nayo ukiwa hotelini.

Thorana ni habari nyingine. Hayo ni mabango makubwa yenye michoro ya Jataka, visa vya maisha ya awali ya Budha, yamezungushiwa balbu zinazowaka na kuzima kwa zamu. Kwa 1/500 nusu ya bango inakuwa imezimika. Kwa sekunde mbili balbu zote zinaonekana zimewaka na mchezo wake umekufa. Jaribu kati ya 1/25 na 1/4, kamera ikiwa juu ya stendi. Umeme wa kule ni Hz 50, kwa hiyo kwenye taa za LED 1/50 au 1/100 hupunguza mistari ya giza inayotokea kwenye picha. Shata ya kielektroniki, ile isiyo na mlio, izime. Wenye simu nao wazime night mode mbele ya thorana, maana inaunganisha picha kadhaa na zamu za balbu zinachanganyika.

Flashi sitaijadili. Hapana.

Hekaluni unavua viatu na kofia, unafunika mabega na magoti. Nyeupe ndiyo rangi ya siku. Usiipe sanamu ya Budha mgongo ili upige selfie. Mwaka 2012 watalii Wafaransa walihukumiwa huko Sri Lanka kifungo kilichoahirishwa kwa picha za kujifanya wanaibusu sanamu. Waliochukua sil, waliovaa nyeupe na kukaa siku nzima katika ibada, siwapigi usoni bila wao kuniona na kukubali. Wenzangu wengine hupiga wakiwa mbali kwa lenzi ndefu, na sijui kama kweli kuna tofauti ya kiadabu au ni umbali tu unaotutuliza.

Kwenye dansala, vibanda vya chakula cha bure, panga foleni, ule, ndipo utoe kamera. Usitoe hela.

Mei pia ni mwanzo wa mvua za kusini-magharibi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi lenzi itashika ukungu papo hapo, kwa hiyo ukishatoka nje iache nusu saa ndani ya begi lililofungwa. Mvua ikiuharibu usiku wa kwanza, rudi wa pili: sikukuu rasmi ni siku mbili, na thorana nyingi huendelea kuwashwa baada ya hapo, foleni zikiwa fupi zaidi.