Je, wajua kwa nini umeme wa upepo hulipa zaidi visiwani?

Kusimika mtambo wa upepo kisiwani ni ghali kuliko bara. Mapanga yake husafirishwa kwa meli, kreni ya kuyainua mara nyingi hukodiwa ng'ambo, na kwa kuwa wateja ni wachache huagizwa mitambo mitano au sita tu badala ya mamia. Hata hivyo, ni visiwani ambako upepo huwahi kurudisha fedha.

Sababu kubwa ni dizeli. Kisiwa kisichounganishwa na gridi ya bara kwa kawaida hutegemea jenereta. Lita moja ya dizeli hutoa takriban uniti 3 na nusu za umeme, kwa hiyo lita ikifika kwa dola 1, kila uniti imeshakula kama senti 28 kabla hujamlipa fundi wala kubadilisha oili. Wastani wa dunia kwa mitambo mipya ya upepo ya nchi kavu miaka hii ni senti 3 hadi 4. Hata kisiwani ikizidi mara tatu, dizeli bado imeshindwa. Bara upepo hupambana na mabwawa na gesi asilia, na huko ushindi si rahisi hivyo.

Tazama Cape Verde, magharibi mwa Senegali. Mvua ni haba, mafuta yote huagizwa nje, lakini upepo wa kaskazini mashariki huvuma sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka 2011 na 2012 kampuni ya Cabeólica ilisimika mitambo 30 ya kilowati 850 kila mmoja katika visiwa vya Santiago, São Vicente, Sal na Boa Vista. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Benki ya Maendeleo ya Afrika ndizo zilizokopesha, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito. Dizeli hulipiwa kidogo kidogo kila meli ikitia nanga. Upepo hulipiwa karibu wote kabla ya uniti ya kwanza kuuzwa. Riba ikipanda, faida inayeyuka.

Kuna na kikomo. Usiku watu wakilala upepo hauachi kuvuma, na umeme wa ziada hauna pa kwenda. El Hierro, kisiwa cha Hispania, tangu 2014 kina mitambo mitano yenye megawati 11.5, zaidi ya mahitaji yake. Umeme wa ziada hupandisha maji hadi bwawa lililojengwa kwenye kreta ya volkano, na upepo ukilegea maji huteremshwa kuzungusha mashine. Mwaka 2019 kilipitisha siku 24 mfululizo bila dizeli. Lakini kwa mwaka mzima wa 2019, upepo na maji vilitoa zaidi kidogo ya nusu ya umeme. Nusu ya kwanza ni rahisi. Iliyobaki inadai hifadhi, na hifadhi ni ghali.

Zanzibar je? Pemba iliishi kwa jenereta hadi 2010, kebo ya baharini ilipoifikia kutoka Tanga. Tangu hapo upepo wa Pemba ungeshindana na umeme wa bara, si dizeli. Lakini Unguja, inayopata umeme wake kwa kebo kutoka bara, ilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, na wenye hoteli na maduka wakaendesha jenereta zao wenyewe. Anayepiga hesabu ya upepo wa Zanzibar leo aiingize na gharama ya miezi ile.