Kanyota hako si kadogo

Kila Januari napeleka wateja njia ya Magadi, mbali na taa za Nairobi, na kila Januari nasikia neno lile lile. Mtu anainama kwenye darubini niliyoielekeza kwenye nyota ya R Doradus, anachungulia, anainuka amenuna. "Mwalimu, ni hako tu? Mbona kadogo hivyo, na kamefifia?"

Si kadogo, jamani! Hilo ni jitu jekundu, yaani nyota iliyozeeka na kuvimba, kipenyo chake ni zaidi ya mara 300 ya kipenyo cha Jua. Liweke pale Jua lilipo, Dunia yetu itamezwa. Tena si mbali sana kwa hesabu za nyota, ni miaka ya nuru 180 hivi. Basi mbona linafifia?

Leo usiku washa pasi, zima taa, usogeze kiganja karibu na bamba lake. Joto utalisikia, mwanga hutauona. Utasema pasi haina nguvu? R Doradus ni vivyo hivyo. Uso wake una nyuzi 2,400 hivi za selsiasi, wa Jua una 5,500, kwa hiyo nguvu zake nyingi hutoka kwa miale ya infraredi ambayo macho yetu hayaipati. Hata ule mwanga mwekundu unaobaki, molekuli za oksidi ya titani kwenye angahewa yake zinaumega. Kama macho yetu yangeona infraredi, hako "kanyota" kangekuwa miongoni mwa nyota zinazowaka kuliko zote angani. Nimelieleza hili mpaka sauti imekauka, na bado wa mwisho kwenye foleni atauliza, "Kwa hivyo ni kadogo?"

Hapo hapo wale wanaodhani nyekundu ndiyo moto zaidi, eti kwa sababu ya bomba la maji ya moto, wapate jibu lao. Makaa yakikolea huelekea manjano. Wekundu wa kuiva ni wa jiko linalozimika.

Darubini yangu si mbovu pia. Ukiitoa Jua, hakuna nyota inayojulikana kuonekana pana kuliko hii kutoka Duniani, na bado upana wake ni kama sarafu ya shilingi moja iliyoshikwa kilomita 85 kutoka ulipo, huko Naivasha na zaidi. Kuuona uso wake kunataka mitambo kama ALMA, kundi la darubini za redio huko Chile, ambayo mwaka 2023 ilinasa mapovu ya gesi yakipanda na kushuka kama uji unaotokota, kila povu likiwa na ukubwa wa mara 75 wa Jua.

Italipuka lini? Haitalipuka. Uzito wake unakaribiana na wa Jua. Itapukutisha matabaka yake ya nje na kubaki kibete cheupe, yaani kiini kidogo kilichoshikamana.

Ukitaka kuitafuta mwenyewe, toka katikati ya Januari, saa tatu na nusu usiku, utazame kusini, ngumi tatu za mkono ulionyooshwa juu ya upeo wa macho. Iko kati ya nyota mbili angavu, Suheli na Achernar, chini kidogo. Mng'ao wake hupanda na kushuka kwa miezi, kwa hiyo beba darubini ya mikono miwili. Simu iache mfukoni dakika 20 nzima ili macho yazoee giza, na tafadhali usinimulike usoni.