Je, wajua kwa nini riwaya za zamani ziliiua dunia kwa baridi?

Mwishoni mwa karne ya 19 zilitoka riwaya mbili, moja Ufaransa na nyingine Uingereza, zikipishana kwa mwaka mmoja tu. Ya kwanza ni La Fin du monde ya Camille Flammarion, iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1894. Ya pili ni The Time Machine ya H. G. Wells, ya mwaka 1895. Zote mbili zinamfikisha msomaji kwenye siku za mwisho za sayari hii, na zote mbili zinaimaliza kwa namna moja: dunia inaganda kwa baridi.

Leo wataalamu wa nyota wanasema kinyume kabisa. Dunia itakufa kwa joto, na jua litazidi kuwaka hadi bahari zikauke. Basi waandishi hawa, mmoja wao akiwa mwanaastronomia wa kazi, waliipata wapi ile baridi? Waliipata kwenye sayansi bora ya siku zao. Walifanya kama mwandishi makini anavyopaswa kufanya, wakauliza wataalamu walikuwa wamefikia wapi, na wataalamu wenyewe walikuwa bado hawajui jua linapata wapi moto wake.

Wells ndiye aliyechora picha iliyobaki vichwani mwa wasomaji. Msafiri wake anakimbilia mbele kwa mashine ya wakati, anapita mamilioni ya miaka, kisha anasimama ufukweni. Jua ni kubwa na jekundu, limetulia penye upeo wa macho. Halichomozi wala halitui, kwa sababu dunia imeacha kujizungusha na sasa inalitazama jua kwa uso mmoja, kama mwezi unavyoitazama dunia. Hewa ni nyepesi, mtu anahema kwa shida. Upande wa miamba unaopata mwanga umefunikwa na mimea ya kijani kikali, na kaa wakubwa kama meza wanamsogelea polepole. Anasonga mbele tena, hadi zaidi ya miaka milioni 30 kutoka zama zake. Kaa hawapo tena. Theluji inaanguka, barafu imetanda kandokando ya bahari, na kitu pekee anachokiona kikijongea ni cheusi, cha mviringo, ukubwa wa mpira wa miguu au kuzidi kidogo, chenye minyiri inayoburuzika, kikirukaruka kwenye fungu la mchanga. Kwangu mimi hiki kipande kifupi kinawazidi kwa mbali wale Eloi na Morlock, jamii mbili za viumbe wa siku za usoni katika riwaya hiyo, ambao ndio wanaotajwa sana kila kitabu hiki kinapozungumzwa.

Flammarion alipita njia nyingine. Huyu ndiye mwanzilishi wa chama cha astronomia cha Ufaransa, mwaka 1887, na alikuwa na kituo chake cha kuchunguzia nyota huko Juvisy, karibu na Paris. Katika riwaya yake binadamu wanaponea chupuchupu kwenye nyota ya mkia, kisha wanaishi mamilioni ya miaka huku maji ya dunia yakipungua kidogokidogo. Mvuke unapokosekana angani, joto la ardhi linapotea na baridi inaingia. Watu wawili wa mwisho, Omegar na Eva, wanafikia kikomo chao Misri, penye Piramidi Kuu. Nitarudi kwenye hayo maji, maana hapo Flammarion aliona mbali.

Sasa tuje kwenye hesabu zilizokuwa nyuma ya baridi hiyo. Mwenye hesabu maarufu kuliko zote alikuwa William Thomson, aliyepewa baadaye jina la Lord Kelvin, yuleyule ambaye kipimo cha jotoridi kinaitwa kwa jina lake. Wanasayansi walijua kwamba jua lingekuwa rundo la makaa ya mawe linaloungua, lingekwisha katika miaka elfu chache. Mwaka 1854 Mjerumani Hermann von Helmholtz alipendekeza kitu chenye nguvu zaidi. Jua ni kubwa mno, mvuto wake unalibana lenyewe kuelekea ndani, na kubanwa huko kunazalisha joto. Kelvin alilichukua wazo hilo akalipigia hesabu. Mwaka 1862 aliandika kwamba yamkini jua halijaiangazia dunia kwa zaidi ya miaka milioni 100, na kwamba viumbe wa duniani hawana mamilioni mengi ya miaka mbele yao ya kuufaidi mwanga wake. Kwa mtazamo huo jua ni jiko la mkaa lililokwisha kukolea, na kilichobaki ni kupoa.

Hesabu hiyo iliwatesa wanabiolojia. Charles Darwin alihitaji muda mrefu sana ili viumbe wabadilike polepole kwa namna aliyoieleza, na alikuwa amekisia miaka milioni 300 kwa mmomonyoko wa bonde moja tu kusini mwa Uingereza. Katika makala ileile ya 1862 Kelvin aliitaja takwimu hiyo na kuitilia shaka waziwazi. Wells aliingia kwenye elimu ya sayansi huku mvutano huo haujaisha. Mwaka 1884 alianza masomo South Kensington, London, akafundishwa biolojia na T. H. Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin. Kwa hiyo ile miaka milioni 30 na kitu ya kwenye riwaya haikuokotwa hewani. Inafuata vipimo vya akina Kelvin, waliohesabu maisha ya jua kwa mamilioni ya miaka, si kwa mabilioni.

Hata dunia kusimama kulikuwa na mwenyewe. George Darwin, mtoto wa Charles, alichunguza jinsi maji kupwa na kujaa kunavyoifunga dunia breki. Kila mvuvi wa pwani yetu anajua bamvua na maji mafu. Wasichojua wengi ni kwamba msuguano wa maji hayo unapunguza mwendo wa dunia kujizungusha, huku mwezi ukisukumwa mbali. Hilo ni kweli na limepimwa. Kwa miale ya leza inayorushwa kwenye vioo ambavyo wanaanga wa Apollo waliviacha mwezini kuanzia mwaka 1969, tunajua mwezi unatukimbia kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Mabaki ya matumbawe ya karibu miaka milioni 400 iliyopita, ambayo yana mistari myembamba ya kukua kwa kila siku, yanaonyesha kwamba mwaka wa wakati huo ulikuwa na siku zipatazo 400, kwa sababu siku zenyewe zilikuwa fupi. Tatizo ni kasi yake: siku inarefuka kwa takriban milisekunde 2 tu kila karne. Jua litakuwa limeshatumaliza muda mrefu kabla dunia haijasimama.

Kelvin alikuwa mwangalifu, naye anastahili kusifiwa kwa hilo. Aliacha mlango mmoja wazi: hesabu yake ni sahihi, alisema, isipokuwa kama kuna chanzo cha joto ambacho bado hakijajulikana. Mlango huo ulisukumwa mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Wells, pale Henri Becquerel alipogundua kwamba madini ya urani yanatoa miale yenyewe bila kuchochewa. Miaka michache baadaye Pierre Curie na mwenzake wakaonyesha kwamba radi (radium), ile elementi iliyogunduliwa na yeye na mkewe Marie, hutoa joto mfululizo bila kuungua.

Mwaka 1904 Ernest Rutherford, kijana kutoka New Zealand, alisimama mbele ya Royal Institution jijini London kueleza maana ya jambo hilo kwa umri wa dunia. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ukumbi ulikuwa na kigizagiza, na mara akamwona Kelvin, mzee wa karibu miaka themanini, ameketi miongoni mwa wasikilizaji. Akajua sehemu ya mwisho ya hotuba itamletea shida, kwa kuwa ilimpinga mzee huyo. Kwa bahati Kelvin akasinzia. Lakini Rutherford alipofika kwenye hoja yenyewe, mzee akaketi wima, akafungua jicho moja na kumkazia macho. Hapo Rutherford akapata la kusema: Lord Kelvin aliweka mpaka wa umri wa dunia kwa sharti kwamba kisipatikane chanzo kipya cha joto, na leo tunakizungumzia chanzo hicho. Mzee akatabasamu. Naupenda mkasa huu kwa sababu heshima haikuvunjwa na ukweli haukufichwa.

Radi haikuwa moto wa jua, lakini ilionyesha kwamba ndani ya atomi kuna hazina ya nishati. Mwaka 1920 Arthur Eddington aliunganisha mambo mawili: kanuni ya Einstein kwamba maada inaweza kugeuka nishati, na vipimo vya Francis Aston vilivyoonyesha kwamba atomi moja ya heliamu ni nyepesi kidogo kuliko atomi nne za haidrojeni. Haidrojeni nne zikiungana kuwa heliamu moja, kilichopungua hugeuka nishati. Kisha mwaka 1925 Cecilia Payne, mwanamke wa miaka 25 aliyekuwa akiandika tasnifu yake Harvard, akagundua kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni haidrojeni. Bingwa wa fani hiyo, Henry Norris Russell, alimshawishi aandike kwamba matokeo hayo huenda si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe alifikia jibu lilelile kwa njia nyingine. Ilipofika mwaka 1939 Hans Bethe alikuwa ameeleza hatua za muungano huo wa nyuklia, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1967.

Jua basi lina umri wa miaka bilioni 4.6, na haidrojeni ya kiini chake inatosha kwa takriban bilioni 5 nyingine. Msomaji anaweza kudhani hiyo ni habari njema. Hapa ndipo baridi ya Flammarion na Wells inapogeuka joto.

Ndani ya kiini cha jua, viini vinne vya haidrojeni vinapoungana kuwa kimoja cha heliamu, idadi ya chembe inapungua. Chembe zikipungua, shinikizo linalozuia uzito wa tabaka za juu linapungua pia. Kiini kinabanwa, kinapata joto zaidi, na muungano unaenda kasi zaidi. Kwa hiyo jua linazidi kung'aa kadiri linavyozeeka. Lilipokuwa changa lilitoa kama asilimia 70 tu ya mwanga wa leo, na linaongeza takriban asilimia 10 kila miaka bilioni moja.

Watakaoumia kwanza ni mimea, tena kwa njaa. Joto likiongezeka, maji mengi zaidi huvukizwa na mvua huongezeka. Mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani, inakula miamba, na mito inapeleka kaboni hiyo baharini ambako inakuwa mawe ya chokaa. Kwa muda mrefu hewa ya ukaa inapungua angani, na mimea haiwezi kujitengenezea chakula bila hewa hiyo. Mimea ya aina ya mpunga, ngano na maharage huhitaji kiasi kikubwa, hivyo ndiyo itakayotangulia kushindwa. Ile yenye namna ya mahindi, mtama na miwa hutumia hewa ya ukaa kwa ubanifu mkubwa na inaweza kuvumilia muda mrefu zaidi. Makadirio mengi yanaweka mwanzo wa njaa hiyo katika miaka mamia kadhaa ya mamilioni ijayo. Bila mimea hakuna oksijeni mpya, na wanyama hawatachelewa kuifuata. Sijaona kifo cha sayari kinachosikitisha kuliko hiki: jua kali, mvua tele, na shamba tupu.

Kisha bahari. Katika takriban miaka bilioni moja, mvuke wa maji utapanda hadi anga ya juu kabisa, ambako miale ya urujuanimno huvunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ni nyepesi, inaponyoka kwenda angani isirudi. Dalili za jambo kama hilo zipo kwa jirani yetu Zuhura: hewa yake ina haidrojeni nzito kwa kiwango cha zaidi ya mara 100 ya maji yetu, maana ile nyepesi imekwisha kukimbia. Hapo Flammarion anapata haki yake. Alijua kwamba mwisho wa dunia ni hadithi ya maji kwisha, ingawa aliyapeleka chini kwenye miamba wakati yatatokea juu.

Na jua jekundu la Wells? Nalo litakuja. Haidrojeni ya kiini ikiisha, jua litavimba kuwa jitu jekundu. Uso wake utakuwa na jotoridi dogo kuliko leo, ndiyo sababu ya wekundu, lakini eneo la uso huo litakuwa kubwa kiasi kwamba mwanga wote utazidi wa leo mara elfu kadhaa. Hakuna theluji itakayoanguka chini ya jua kama hilo. Katika riwaya, jua lilionekana kubwa kwa sababu dunia ilikuwa imelisogelea. Kwa hesabu za leo, jua ndilo litakalotusogelea. Mwaka 2008 Klaus-Peter Schröder na Robert Smith walikokotoa kwamba litafikia zaidi ya mara 250 ya upana wake wa sasa miaka bilioni 7.6 kutoka leo. Linapovimba hupoteza sehemu ya maada yake, mvuto wake unalegea na dunia inasogea nje kidogo, jambo ambalo lingeweza kuiokoa. Lakini dunia nayo itainua wimbi kwenye uso wa jua, na wimbi hilo litaivuta nyuma. Ni ileile nguvu ya kupwa na kujaa aliyoichunguza George Darwin. Kwa hesabu ya wawili hao inatosha kuizamisha dunia ndani ya jua, huku Mirihi ikibaki nje.