Acheni kuvikanyaga vitunguu

Juzi tena. Napita kwa jirani yangu hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, namkuta na wanawe wanatembea juu ya tuta, wanalaza majani ya vitunguu kwa miguu, mabichi kabisa, "ili nguvu ishuke chini". Hiyo ni bustani ya nne msimu huu. Nimelieleza jambo hili njiani na sokoni mpaka nimechoka, sasa naliandika.

Hakuna nguvu iliyokwama kwenye majani ikingoja kusukumwa. Kata kitunguu kwa urefu, kuanzia shingoni mpaka kwenye mizizi, kisha uangalie. Yale matabaka unayokatia kachumbari ni sehemu za chini za majani, zimevimba kwa chakula. Jani hukipika chakula hicho kwa jua, kikateremka kuhifadhiwa pale. Ukilivunja likiwa bichi umeondoa kuni na chungu bado hakijaiva.

"Mbona basi yakianguka ndipo vinakomaa?" Mmegeuza. Vinakomaa, ndipo yanaanguka. Kitunguu kikikaribia kuiva huacha kutoa majani mapya. Shingo ilikuwa imesimama kwa sababu majani machanga yalipita katikati yake. Yakikoma, inabaki tupu ndani, inalegea, inakunjika yenyewe. Ibonyeze kwa vidole viwili. Iliyoiva inabonyea kama mrija mtupu. Ambayo bado, utasikia kitu kigumu katikati. Hiyo ngumu ukiikanyaga unaipasua, na ukungu unapata mlango. Baada ya mwezi unashika kitunguu kizuri kwa macho, na kidole kinazama begani.

Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, vyangu vimekataa kuanguka, nifanyeje?" Nikamuuliza mbegu ilitoka wapi. Mwanawe alimletea kutoka Uingereza. Mama, hiyo hata ukaitwange kwa mchi! Kitunguu hufuata urefu wa mchana. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na aina nyingi za Ulaya ya kaskazini hungoja saa 14 au zaidi ndipo zivimbe. Hapa zitatoa majani tu. Panda aina ya Red Creole, ambayo saa zetu zinaitosha. Kama mbegu ni sahihi na shingo bado nene, mara nyingi umeweka mbolea ya nitrojeni kwa kuchelewa.

Mengine haraka. Mimi huandaa kitalu Septemba na kupandikiza Novemba, ili mavuno yaangukie kiangazi cha Januari na Februari. Sentimita 10 kati ya mche na mche. Usivipalilie kwa kuvifukia kama viazi. Mabega ya kitunguu yakae juu ya udongo. Majani yakianza kuanguka, acha kumwagilia.

Ning'oe lini? Hapo bado nasitasita. Zamani nilingoja karibu yote yalale. Siku hizi nang'oa yakilala zaidi ya nusu, maana mvua ikivikuta vimelala shambani vinaweza kutoa mizizi upya. Misimu miwili nililaza kwa mkono, taratibu, vile vichache vilivyochelewa. Vingine vilikaa vizuri, vingine vikaoza, na sitamshauri mtu.

Baada ya hapo ni kivuli na upepo, wiki mbili au tatu, juu ya kichanja, majani yakiwa bado juu yake. Shingo ikikauka mpaka inakwaruza kama karatasi, kata ukiacha sentimita mbili tatu. Usiviweke kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, vitatoa jasho. Friji pia hapana. Joto letu la kawaida, penye hewa kavu, linavilaza usingizi. Ubaridi wa wastani ndio unaoviamsha vichipue.

Jirani yangu alikuwa amekwisha kanyaga nusu ya tuta. Nimemwambia avitenge hivyo, asivichanganye na vingine kichanjani hata kimoja, na chakula cha jioni kianze navyo leo.