Mawimbi ya Ziwa Victoria: uliza saa kabla ya kuuliza mwezi

Wanaopanga kwenda visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, huniuliza ni mwezi gani ziwa limetulia. Kazi yangu ni kutabiri hali ya hewa ya ziwa hili, na mimi humuuliza kwanza mwenye swali: unavuka saa ngapi?

Ziwa letu halipokei mawimbi ya dhoruba za mbali kama yanavyofika pwani ya Mombasa, na kupwa na kujaa kwake hakuonekani kwa macho. Kila wimbi linalopasuka ufukweni Entebbe limezaliwa na upepo uliovuma humu humu ziwani, leo au usiku wa kuamkia leo. Ndiyo maana mawimbi yetu ni mafupi, yamesimama wima, na yanafuatana upesi. Mtumbwi haujamaliza kushuka hili, jingine limeshapiga omo, sehemu yake ya mbele.

Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma siku baada ya siku. Ni kusi ileile wanayoijua watu wa pwani. Entebbe utakuta asubuhi maji yamelala. Kufika saa tano hivi nchi kavu imepata joto, upepo wa ziwa unaanza kuingia, unaungana na kusi, na kati ya saa nane na saa kumi mchana povu jeupe limetapakaa kila upande. Jua likizama, hulegea. Kasensero, kule karibu na mdomo wa mto Kagera, mambo ni makali zaidi: mbele yake kuna maji matupu karibu kilomita 200, na kadiri upepo unavyopata nafasi ndefu ya kusukuma ndivyo wimbi linavyokua. Upepo huohuo hupoza maji ya juu na kuyachanganya na ya chini, kazi kubwa kwa uhai wa samaki. Lakini mawimbi ya msimu huu yanatabirika. Vuka mapema, na mara nyingi utafika salama.

Miezi inayonitia hofu ni ile ya mvua, Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Desemba. Mchana kutwa ziwa linaweza kuwa kama kioo, na utulivu huo huwadanganya wengi. Usiku nchi kavu hupoa haraka, ilhali maji hubaki na joto lake. Upepo wa nchi kavu hutoka Uganda, Kenya na Tanzania kuelekea ziwani, hukutana katikati, na hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu. Mawingu ya radi hujengeka baada ya saa sita usiku, na mengi husogea magharibi, kuelekea Ssese, kabla na baada ya alfajiri.

Kinachopindua mitumbwi mara nyingi ni hewa baridi inayoporomoka kutoka wingu hilo na kutambaa juu ya maji, ikitangulia mvua. Dalili zake zijue kwa mwili: joto linakatika ghafla, upepo unageuka, na juu ya maji unaona mstari mweusi unaokujia. Ukiuona mstari huo, zimebaki dakika chache tu. Elekeza omo kwenye upepo, punguza mwendo wa injini usiizime, kila mtu akae chini.

Wavuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwa hili, ndio walio hatarini kuliko wote, kwa sababu hutafuta usiku usio na mwezi ili taa zao zivute samaki, na saa hizo za usiku ndizo za dhoruba. Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kusukuma mtumbwi. Likiwa limelazwa chini ya nyavu halina kazi. Na radi zikimulika upande wa mashariki, hata kama juu yako nyota zinaonekana, vuta nyavu urudi. Ngurumo ikishasikika, wingu liko karibu, na mtumbwi wenye injini ndogo hautalishinda mbio.